Mfupi mwenye mpira: Gadi anavyoamua mechi ya kikapu, na kwa nini kanda yetu bado inaagiza gadi kutoka nje

SUDAN Kusini ilipoingia uwanjani Julai 28, 2024 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris, wengi walitazama urefu wa vijana wake. Ni timu yenye wachezaji wa mita mbili na zaidi, na mrefu huonekana kabla ya wengine. Lakini aliyeiongoza kuifunga Puerto Rico 90-79, ushindi wa kwanza wa nchi hiyo katika mpira wa kikapu wa Olimpiki, hakuwa mmoja wa warefu hao. Alikuwa Carlik Jones, gadi asiyefika hata mita 1.90, aliyemaliza mechi na pointi 19.

Siku nane kabla ya hapo, jijini London, Jones huyohuyo aliwatoa jasho Wamarekani katika mechi ya kirafiki. Marekani, ikiwa na LeBron James na Stephen Curry, iliponea kwa pointi moja, 101-100. Jones aliondoka na pointi 15, ribaundi 11 na asisti 11. Mwaka mmoja nyuma, kwenye Kombe la Dunia la 2023, alikuwa ameongoza mashindano yote kwa asisti, wastani wa 10.4 kila mechi.

Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) tangu 2016, hivyo sifa hiyo ni ya kanda nzima. Lakini kuna jambo moja la kujiuliza. Jones alizaliwa Cincinnati, Marekani, akaichezea Sudan Kusini baada ya kupewa uraia. Warefu wa timu ile walikuwa damu ya nchi. Mtu wa kuwapa mpira alitafutwa ng'ambo.

Hali hiyo si ya Juba peke yake. Rwanda ilipoandaa mashindano ya Afrika ya wanawake mwaka 2023 mjini Kigali na kumaliza nafasi ya nne, mmoja wa nguzo zake alikuwa Destiney Philoxy, gadi aliyekulia Marekani. Kwenye Ligi ya Kikapu Afrika (BAL), wachezaji bora wa misimu miwili ya kwanza, Walter Hodge wa Zamalek mwaka 2021 na Michael Dixon wa US Monastir mwaka 2022, wote walikuwa gadi, na wote walitoka nje ya bara hili.

Swali kwa mzazi, mwalimu wa michezo na kiongozi wa klabu ni hili: ikiwa urefu tunao, kwa nini gadi tunamwagiza? Na je, gadi anatengenezwaje?

Yule wa pili na yule wa saba

Afrika Mashariki imezoea kuchagua wachezaji wa kikapu kwa macho. Mwalimu anapanga wanafunzi mstari, anawatoa walio warefu, wengine wanarudi kwenye soka. Kwa miaka mingi hata makocha wa Marekani walikuwa na imani kama hiyo.

Mwaka 2009, Mtanzania Hasheem Thabeet, mwenye mita 2.21, aliteuliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko na jina lake litabaki kwenye historia. Lakini tazama walioteuliwa baada yake. Wa tatu alikuwa James Harden, gadi, ambaye mwaka 2018 alitangazwa mchezaji bora wa ligi. Wa saba alikuwa Stephen Curry, gadi wa mita 1.88, ambaye timu kadhaa zilimpita zikisema ana mwili mdogo. Curry amechukua ubingwa wa NBA mara nne na tuzo ya mchezaji bora mara mbili. Katika fainali ya Olimpiki ya 2024 dhidi ya Ufaransa alifunga mitupo minane ya pointi tatu.

Wapo wafupi zaidi. Muggsy Bogues, mwenye mita 1.60, alicheza NBA misimu 14. John Stockton, mwenye mita 1.85, ndiye mwenye rekodi ya ligi hiyo kwa asisti nyingi, 15,806, na pia kwa kupokonya mipira mingi, 3,265. Rekodi mbili, moja ya kushambulia na moja ya kuzuia, mikononi mwa gadi mmoja.

Urefu mtu huzaliwa nao, kocha hawezi kuuongeza. Kazi ya gadi inafundishika, na inafundishika kwenye sakafu ya saruji kwa mpira mmoja.

Gadi ni nani?

Timu ya kikapu ina watu watano uwanjani. Wawili kati yao kwa kawaida ni gadi. Wa kwanza, pointi gadi, ndiye anayepandisha mpira, anayetangaza mpango wa kocha na kuamua nani apewe mpira, lini na wapi. Wa pili, shutingi gadi, anatarajiwa kufunga kutoka mbali na kumsaidia mwenzake anapobanwa. Siku hizi mipaka kati yao imelegea, na makocha wengi hutaka gadi wote wawili wajue kazi zote mbili.

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa (FIBA) zinampa gadi muda mdogo sana. Timu ikipata mpira upande wake, ina sekunde 8 tu kuuvusha mstari wa katikati ya uwanja wenye urefu wa mita 28. Ukishavushwa, haurudi nyuma. Ukirudi ni kosa na mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwa jumla timu ina sekunde 24 kurusha mpira kikapuni. Mchezaji aliyeshika mpira akibanwa kwa karibu, ana sekunde 5 za kuupiga chini, kutoa pasi au kurusha.

Wafanyabiashara wa mipakani wataielewa hesabu hiyo kwa haraka. Ni mzigo unaopaswa kuvuka kabla geti halijafungwa, na anayeusimamia ni mtu mmoja. Akichelewa au akipokonywa, warefu wanaosubiri mbele hawana la kufanya.

Mikono miwili, macho mbele

Ujuzi wa kwanza wa gadi anaposhambulia ni kudunda mpira bila kuutazama. Hili ndilo linalowatenganisha walionolewa na wasionolewa. Kijana anayeinamisha kichwa haoni mwenzake aliyeachwa peke yake chini ya kikapu, wala haoni beki wa pili anayemjia ubavuni. Mpira unadundwa kwa ncha za vidole, si kwa kiganja, chini ya kiuno pale penye msongamano, na mwili unawekwa kati ya mpira na mpinzani.

La pili ni kutumia mikono yote miwili. Gadi anayekwenda kulia tu anajulikana ndani ya dakika tano. Beki anasimama upande huo, na safari imekwisha. Mazoezi yake ni rahisi ingawa yanachosha: kudunda kwa mkono dhaifu kila siku, kwenda na kurudi, kisha kudunda mipira miwili kwa wakati mmoja kama ipo. Mkono wa kushoto huchelewa, lakini hufika.

La tatu ni kubadili mwendo. Vijana wengi hudhani gadi mzuri ni yule mwenye mbio. Mbio husaidia, ila beki huzizoea. Kinachomvunja beki ni kupunguza kasi, kumfanya ainuke kidogo kwenye mkao wake, kisha kuchomoka. Hatua moja ya ghafla baada ya mbili za polepole ina thamani kuliko hatua kumi za kasi ileile.

Pasi iliyofika kwa wakati

Kwenye kikapu pasi ni pesa, na gadi ndiye mhazini. Kuna pasi ya kifuani, inayosafiri moja kwa moja. Kuna ya kudundisha chini, inayopita chini ya mikono ya beki mrefu. Kuna ya juu ya kichwa, ya kurusha mpira upande wa pili wa uwanja, na kuna ya mkono mmoja inayotoka palepale kwenye kudunda, bila kusimama kwanza. Hii ya mwisho ndiyo inayokosekana zaidi kwa vijana wa kanda hii. Wanadunda, wanaushika mpira kwa mikono miwili, wanatazama, ndipo wanatoa. Kufikia hapo mwanya umeshazibwa.

Pasi nzuri haimfuati mwenzako alipo, inamtangulia anapokwenda. Inamfikia kifuani akiwa tayari kurusha, si magotini au nyuma ya bega. Mchezaji wa mita 2.10 anayelazimika kuinama kuokota pasi mbovu amepoteza urefu wake wote.

Gadi anayepoteza mpira mara sita au saba katika mechi ameipa timu pinzani nafasi hizo zote, na nyingi huishia kwenye leyapu rahisi kwa kuwa wenzake wako mbele, hakuna aliyebaki nyuma. Ndiyo maana makocha huhesabu uwiano: asisti ngapi kwa kila mpira uliopotea. Mwenye asisti tatu kwa kila mpira mmoja uliopotea ni hazina, hata akifunga pointi nne tu.

Kusoma skrini

Mashambulizi mengi ya kikapu cha leo yanaanzia jambo moja: skrini. Mchezaji mrefu anakwenda kusimama kama ukuta ubavuni mwa beki anayemkaba gadi. Gadi anapita karibu na ukuta huo kiasi cha kugusana bega na mwenzake, beki anakwama, na kwa sekunde moja au mbili kuna watu wawili wanaoshambulia dhidi ya beki mmoja.

Hapo ndipo akili ya gadi inapopimwa. Beki akipita nyuma ya skrini, yaani akikwepa ukuta kwa kuuzunguka mbali, gadi ana nafasi ya kurusha kutoka alipo. Beki akimfuata kwa nyuma, gadi anaingia ndani. Beki mrefu akitoka kumzuia, mwenzake aliyeweka skrini anakuwa huru akielekea kikapuni, apewe pasi. Mabeki wawili wakimvamia pamoja, arudi hatua mbili nyuma akidunda, autoe mpira haraka. Mahali fulani kuna mtu asiyekabwa. Mabeki wakibadilishana, mrefu wao mzito anabaki mbele ya gadi, na mfupi wao anabaki na mrefu wetu chini ya kikapu. Pande zote mbili ni faida. Kazi ni kuchagua iliyo bora.

Majibu hayo matano hayahitaji kipaji cha ajabu. Yanahitaji kurudiwa mara mia mazoezini hadi jicho lione kabla ya mdomo kusema. Jones alipotoa asisti 11 dhidi ya Marekani, nyingi ya kazi yake ilikuwa hiyo: kusubiri nusu sekunde, kuona beki anafanya nini, kuchagua.

Kurusha ili kuheshimiwa

Gadi asiyeweza kufunga kutoka nje anarahisisha kazi ya wapinzani. Mabeki wanarudi nyuma, wanajaza eneo la chini ya kikapu, na wale warefu hawana pa kupumulia. Mstari wa pointi tatu wa FIBA uko mita 6.75 kutoka kikapuni. Anayefunga hapo anamlazimisha beki asogee mbele, na beki akisogea, njia ya ndani inafunguka.

Mtupo mzuri huanzia miguuni. Magoti yanapinda, miguu inaelekea kikapuni, kiwiko kinakuwa chini ya mpira, kifundo cha mkono kinakunjwa mwishoni na kubaki hapo hadi mpira ufike. Gadi mfupi anahitaji pia mtupo wa juu wa mkono mmoja kabla ya kumfikia mrefu, mpira upite juu ya vidole vyake na kudondoka taratibu. Bila mtupo huo, kila anapoingia ndani atazibwa.

Halafu kuna mitupo huru. Katika kila robo ya dakika 10, timu ikishafanya faulo nne, kila faulo inayofuata ya kukaba humpa mpinzani mitupo huru miwili. Dakika za mwisho timu iliyo nyuma hufanya faulo kwa makusudi, na mwenye mpira wakati huo ni gadi. Mitupo huru haina beki. Gadi anayeikosa amejiibia mwenyewe.

Miguu kwanza, mikono baadaye

Watazamaji hukumbuka vikapu. Makocha hukumbuka ulinzi, na ulinzi wa timu huanzia kwa gadi, kwa kuwa ndiye wa kwanza kukutana na mpira.

Mkao wake ni wa chini: miguu imetanuka kuzidi mabega, magoti yamepinda, uzito uko mbele ya nyayo, mgongo umenyooka. Anasogea kwa kuteleza pembeni bila kuvuka miguu. Akivuka miguu, mshambuliaji akibadili upande atamwacha amesimama. Umbali mzuri ni wa urefu wa mkono. Akikaribia zaidi anapitwa, akikaa mbali zaidi anarushiwa mtupo usoni.

Kosa kubwa la gadi vijana ni kutaka kuiba kila mpira. Wanarusha mkono kutoka juu, wanamgonga mpinzani, filimbi inalia. Mchezaji ana faulo tano tu. Ya tano anatoka na harudi. Gadi aliyekwenda benchi na faulo tatu kabla ya mapumziko ameiacha timu bila dereva. Mkono unaoiba kwa usalama hutoka chini kwenda juu, mpira unapoinuka kutoka sakafuni, na tena pale tu miguu imeshafika.

Kazi yake hasa si kuiba. Ni kumwelekeza mwenye mpira asikotaka: kwenye mkono wake dhaifu, kwenye mstari wa pembeni ambao hautoi pasi, au mahali ambapo beki mrefu anamsubiri. Kwa lugha ya mtaani, ni kumfungia njia kuu na kumwachia uchochoro. Akimchelewesha kuvuka katikati hadi sekunde 6 au 7 zipite, na mashambulizi yakaanza yakiwa na sekunde 17 badala ya 22, ameshinda ingawa hakugusa mpira.

Kwenye skrini za wapinzani, gadi anayekaba ana maamuzi pia. Dhidi ya mrushaji hodari, anapita juu ya skrini, akijipenyeza kati ya ukuta na mtu wake. Dhidi ya asiyejua kurusha, anapita chini na kumsubiri upande wa pili. Anajua tofauti hiyo kabla ya mechi kuanza, maana amemsoma mpinzani wake. Na hawezi kufanya hivyo kimya. Wenzake walio nyuma ndio wanaoiona skrini ikija. Wakikaa kimya atagongwa ukutani. Timu bubu haikabi.

Wakati mtu wake hana mpira, gadi anasimama pale anapomwona mtu huyo na mpira kwa pamoja, tayari kusaidia ndani na kurudi. Kurudi huko kuna ufundi wake: mbio za kwanza ndefu, kisha hatua fupi fupi mkono mmoja juu, ili asipitwe kwa kasi yake mwenyewe.

Mwisho ni kurudi nyuma. Wenzake warefu wanapogombea ribaundi upande wa mbele, gadi mmoja lazima awe tayari ameanza kurudi. Mashambulizi ya kushtukiza huzuiwa na aliyeanza mapema, si na mwenye mbio zaidi.

Sekunde za Yaoundé

Mfano wa kwamba vijana wa kanda hii wanaweza kubeba mzigo wa dakika za mwisho upo. Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya ilikutana na Angola kwenye mechi za kufuzu AfroBasket. Angola ilikuwa imeshachukua ubingwa wa Afrika mara 11. Kenya haikuwa imecheza fainali hizo tangu 1993. Mpira wa mwisho ulikwenda kwa Tylor Ongwae, mchezaji wa pembeni anayeweza pia kucheza kama gadi. Alimsogelea beki wake, akajipatia nafasi, akarusha wakati saa ikiisha. Kenya ikashinda 74-73 na kukata tiketi ya Kigali, ambako fainali zilichezwa mwaka huohuo.

Mtupo ule ulikuwa na yote yaliyotajwa hapo juu: kudunda bila kutazama chini, kubadili mwendo, kujua muda uliobaki, kuwa na ujasiri wa kurusha. Ulifanywa na mzaliwa wa Kenya.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Hakuna ubaya kuwa na gadi wa kigeni. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Klabu inayotaka kufika BAL inahitaji matokeo msimu huu, si miaka kumi ijayo. Patriots na APR za Rwanda, City Oilers ya Uganda na Nairobi City Thunder, ambayo mwaka 2025 ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza ligi hiyo, zote zimekutana na timu za Misri, Tunisia, Libya au Angola zenye fedha nyingi na wageni wa kiwango cha juu. Kuingia humo bila gadi mzoefu ni kujitafutia aibu.

Swali ni kama mwenyeji anapona kweli. Mgeni akicheza dakika 36 kati ya 40, kijana wa nyumbani anayekaa nyuma yake anajifunza kupiga makofi. Mkataba wa mgeni ukiisha, anaondoka na ujuzi wake, na klabu inarudi sokoni. Mfanyabiashara yeyote anajua hasara ya kuagiza kila mwaka kitu ambacho kingeweza kutengenezwa nyumbani.

Pengo linaanzia chini. Kwanza, uteuzi wa shuleni kwa urefu unamwondoa gadi wa kesho akiwa na miaka 12, kabla hajaonyesha kitu. Pili, vijana wengi huanza kikapu wakiwa na miaka 15 au 16. Mrefu anayeanza umri huo bado anaweza kufundishwa kuruka na kufunga karibu. Gadi aliyeanza umri huo ameshakosa miaka ya kuzoesha mikono. Tatu, katika ligi za ndani mpira hupewa mrefu kila mara kwa sababu ndiyo njia fupi ya kushinda, na gadi anabaki kuwa mtu wa kuvusha tu.

Habari njema ni kwamba dawa yake haihitaji ukumbi kama BK Arena ya Kigali, wenye viti vipatavyo 10,000. Wakati Sudan Kusini ikiifunga Puerto Rico, Juba haikuwa na ukumbi wa ndani wa mpira wa kikapu. Kocha wake, Royal Ivey, alikuwa mwenyewe gadi aliyecheza NBA misimu kumi, akijulikana zaidi kwa kukaba kuliko kufunga. Ujuzi wa gadi unafundishwa na aliyewahi kuwa gadi, na kila nchi ya kanda hii ina wachezaji wastaafu wanaokaa nyumbani bila kuulizwa.

Shule yenye kiwanja kimoja cha saruji inaweza kuanza kesho. Ukuta mmoja unatosha kwa pasi mia mbili kwa siku, mia kwa kila mkono. Chaki inatosha kuchora mistari ya kuteleza pembeni kwa sekunde 30, kupumzika 30, mara sita. Mawe au viti vinasimama badala ya mabeki. Watatu dhidi ya watatu kwenye nusu uwanja humpa kila mtoto mpira mara nyingi kuliko watano dhidi ya watano. Wasichana wapewe mpira wa namba 6, si namba 7 wa wanaume, ili mikono ijifunze kwa kipimo sahihi. Na vijana wote, warefu kwa wafupi, wajifunze kwanza kama gadi. Atakayerefuka baadaye atakuwa mrefu anayejua kutoa pasi.

Vyama vya mchezo navyo vina la kufanya. Mashindano ya Kanda ya Tano ya FIBA Afrika tayari yanakutanisha klabu za nchi jirani. Mashindano ya vijana yanaweza kufuata njia hiyohiyo, hasa miji ya mipakani ambako timu hutembeleana kwa nauli ya basi moja. Kijana wa Busia akikutana mara kwa mara na wa ng'ambo ya pili, atajifunza upesi kuliko akicheza na majirani zake wale wale mwaka mzima.

Mzazi mwenye mtoto mfupi anayependa kikapu asimkatishe tamaa. Amnunulie mpira, amtafutie ukuta, amwambie aanze na mkono wa kushoto. Warefu wa kanda hii wapo, wamekuwapo siku zote, na wanasubiri pasi.